Pesa ya gemu ni nyingi kweli, ila haipiti Ngarenaro

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba gemu sa hivi zinaingiza hela kuliko sinema, basi meseji zimemiminika mpaka simu ikawa inapata moto. Wengine mmenitukana, poa tu. Nimechagua maswali matano, majina nimeyatoa kama kawaida yetu, na yale yanayofanana nimeyaunganisha. Twende.

Kaka, habari ya kazi. Mi ni kijana wa Ngarenaro hapa Arusha, napiga picha na video za harusi, sendoff na kipaimara. Nina kamera mbili na kompyuta ya kueditia. Jamaa yangu anataka niuze kamera moja na kompyuta, tununue PS4 (pleisteshen) nne na tivii tufungue banda la gemu, anasema dunia nzima gemu imeipita muvi na muziki hata ukizijumlisha kwaiyo huko ndo hela inakokwenda. Ni kweli? Niuze?

Usiuze. Subiri nikwambie kwa nini, maana namba za jamaa yako ziko sawa kabisa, mi na yeye tunaachana baada ya namba.

Mwaka 2023 gemu dunia nzima ziliingiza dola bilioni 180 na ushee. Tiketi za sinema mwaka huohuo zilikuwa kama bilioni 34, na muziki uliorekodiwa, yaani strimingi (kusikiliza mtandaoni), CD na santuri zote, bilioni 28.6. Jumlisha hizo mbili unapata kama 62 na kitu, theluthi moja ya gemu. Kwaiyo jamaa hajakupiga fiksi. Ila ukiangalia vizuri hiyo hesabu imepangwa kwa ujanja kidogo, kwenye sinema wamehesabu tiketi za mlangoni tu, hela ya muvi kuonyeshwa kwenye ving'amuzi na strimingi haimo, na kwenye muziki hawajahesabu shoo, na we unajua msanii wa sa hivi anakula kwenye shoo. Alafu kuna mnyama mmoja huwa hatajwi kwenye hizi stori, televisheni. Ukiweka ving'amuzi, matangazo na strimingi pamoja bado tivii iko juu ya gemu, na kwa mbali. Gemu ni kubwa sana lakini siyo mfalme wa burudani zote kama watu wanavyopenda kusema.

Sasa kuhusu kukua. Wakati wa korona watu walifungiwa ndani, gemu zikapaa, makampuni yakaajiri kama yamelewa, wakadhani itakuwa hivohivo milele. Mwaka 2022 mapato yakashuka, baada ya hapo yanaongezeka ila kidogokidogo tu, na 2023 na 2024 kila mwaka watu zaidi ya elfu kumi wa kutengeneza gemu walipoteza kazi. Na siyo kwamba watu wameacha kucheza, wanacheza sana, ila wanacheza zilezile za zamani. Gemu ya GTA V ilitoka Septemba 2013, siku tatu ikafikisha dola bilioni moja, na mpaka leo inauzwa, imepita kopi milioni 200, mtoto aliyezaliwa mwaka ule sa hivi anaicheza yeye. Sasa we umetengeneza gemu mpya kwa mamilioni ya dola unashindana na nani? Na hiyo. Sony walitoa gemu inaitwa Concord Agosti 2024, miaka ya kazi imemwagwa pale, wiki mbili baadae wakaizima na kurudishia watu hela zao. Wiki mbili! Kila mtu anagombania masaa ya mtu yuleyule mmoja, Netflix wenyewe, wale wa muvi za mtandaoni, Januari 2019 waliwaandikia wenye hisa wao kwamba gemu ya Fortnite inawasumbua kuliko HBO, wapinzani wao wa tivii.

Haya turudi Ngarenaro. Hizo bilioni 180 karibu nusu yake inatoka kwenye simu, na sehemu kubwa ya zile za kompyuta na pleisteshen inatoka kwa watu wanaonunua vitu ndani ya gemu kwa kadi, jezi, wachezaji, dansi, vitu vya ajabuajabu. Banda lako halimo kwenye huo mnyororo. Unanunua PS4 ya mtumba, na PS4 yenyewe ni mashine ya 2013, unaweka FIFA, ile gemu ya mpira (najua jina lilibadilika 2023 watengenezaji wake, EA, walipoachana na shirikisho la FIFA lenyewe, ila nani hapa mjini anasema EA Sports FC?), kijana anakaa, mechi mia tano, aliyefungwa analipa na kunyanyuka. Gemu zikikua mara mbili duniani mia tano yako inabaki mia tano. Na zikikua kwenye simu, banda ndo linaumia, maana yule chalii aliyekuwa anakuja kwako jioni sa hivi yuko kwenye ngazi za nyumba yao na eFootball, gemu ya mpira ya kwenye simu, mkononi, bure.

Mwenye banda anauza kitu kingine. Nenda kaangalie banda lolote lenye watu saa kumi na mbili jioni, walioshika pedi ni wanne, waliosimama nyuma ni kumi na tano, na kelele zote zinatoka kwa wale waliosimama. Watu wanalipia kelele, kumcheka aliyepigwa tano, kumwambia "nyanyuka bro". Hilo simu haijaweza kuliua. Kwaiyo banda lina maisha ila maisha yake yanategemea mtaa wako, siyo Tokyo. Jiulize vitu vya chini kabisa. Luku nani atakuwa anaweka na umeme ukikatika Jumamosi jioni unafanyaje, pedi zikianza kujivuta zenyewe bila mtu kugusa nani anatengeneza (na zitaanza, pedi ya banda inapigwa kama ngoma), na wanafunzi wenye sare wakiingia saa nne asubuhi utawatoa au utajifanya hujaona, maana mwenyekiti wa mtaa akija na mgambo wao hawatajifanya hawajaona.

Kingine, angalia kalenda. Desemba Wachagga wanapanda, harusi na kipaimara zinapangwa mpaka unakosa usingizi, hiyo ndo miezi yako ya kamera. Desemba hiyohiyo shule zimefungwa na banda ndo linajaa. Utakuwa wapi? Kama jamaa yako yuko tayari kukaa bandani yeye mwenyewe kila siku, anza na mashine mbili za mkopo wa kwake, kamera zako ziache kwenye begi lako. Akikataa kuweka hela yake, hapo utajua anaiamini hiyo biashara kiasi gani.

Kaka mhariri, hujambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi. Kijana wangu wa kidato cha pili anacheza gemu ya Free Fire kwenye simu yangu, juzi nimekuta elfu ishirini imetoka M-Pesa, kumbe kanunua dayamondi, hela ya humo ndani ya gemu. Baba yake anasema hiyo ni kamari, anataka kuivunja simu. Ni kamari kweli? Na hizi gemu ni upepo utapita au tujiandae?

Sijambo mama, pole na elfu ishirini. Kwanza mwambie baba simu asiivunje, atakuwa amepoteza elfu ishirini na simu juu.

Pili badilisha namba ya siri leo. Wala siyo kesho. Najua hizi dayamondi zinavyonunuliwa kwetu huku, mtoto hana kadi ya benki, anamtafuta kijana anayeuza kwenye WhatsApp, anamtumia hela na namba yake ya mchezaji, dakika mbili zimejaa. Ili afanye hivo lazima alijua namba yako ya siri, na wamama wengi mnawaambia watoto wenyewe, "hebu nitumie ya bibi hapo", si ndiyo?

Kamari? Nitakujibu kwa kuigawa. Mtoto akinunua nguo ya mchezaji wake anaijua, ameiona, amelipa, amepata, hiyo ni ujinga wa kitoto lakini siyo kamari, ni kama tulivyokuwa tunamalizia hela ya nauli kwenye ubuyu. Ila humohumo kuna sehemu ya kuzungusha, analipa dayamondi hajui atapata nini, akikosa anazungusha tena. Hapo baba yake ana hoja nzito. Ubelgiji mwaka 2018 walisema maboksi ya bahati ya namna hiyo kwenye gemu ni kamari na wakayapiga marufuku. Kwaiyo muulize kijana kwa upole, elfu ishirini ilienda kwenye nguo au kwenye kuzungusha? Jibu lake litakwambia mazungumzo yenu yawe ya aina gani. Na kama umeona anakaribia yale madubwi ya sarafu yaliyojaa mitaani hilo ni jambo jingine kabisa na hapo mimi niko upande wa baba.

Kuhusu kupita, mama hazipiti. Gemu kama hiyo inatolewa bure, wachezaji wengi hawalipi hata shilingi moja, ni wachache wanaolipa ndo wanawalisha wote, na ndo maana imetengenezwa imvute mtoto arudi kila siku, leo zawadi, kesho zawadi, akikosa siku moja anaona amepitwa. China waliona mpaka serikali ikaingilia, tangu 2021 mtoto wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili mpaka saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuna serikali ya kutushikia simu, lakini hayo masaa unaweza ukayaiba ukayaweka nyumbani kwako. Shirika la Afya Duniani nalo limeutambua ugonjwa wa gemu, ila usikimbilie huko, wanazungumzia mtu aliyeshindwa kabisa kujizuia, gemu imekuwa mbele ya kila kitu, anaharibikiwa na bado anaendelea, na kwa kawaida hali hiyo iwe imekaa kama mwaka mzima. Kijana anayeiba elfu ishirini mara moja alafu anakula vizuri na anaenda shule, huyo ni kijana tu. Arudishe hiyo hela kwa kazi. Mpe hata bustani.

Mwanangu, mimi ni mstaafu, nakaa Sakina. Ujana wetu Jumamosi ilikuwa ni kuvaa vizuri na kwenda sinema pale Metropole. Sasa wajukuu wote wameinamia hizo gemu. Niambie ukweli, sinema ndiyo inakufa?

Shikamoo mzee wangu. Inaumwa, haifi.

Mwaka 2019 kabla ya korona tiketi za sinema duniani zilikuwa kama dola bilioni 42, mwaka uliofuata zikaanguka mpaka kama 12, na 2023 zikarudi 34. Imerudi lakini haijafika ilipokuwa. Ila mzee, Metropole haikusumbuliwa na gemu, na we unalijua hilo kuliko mimi, mikanda ya video ndo ilianza kuwabakiza watu sebuleni, alafu huku Bara ikaja televisheni 1994, watu wakaanza kuangalia picha na kandambili miguuni. Burudani mpya mara nyingi haiui ya zamani moja kwa moja, inaipunguzia siku. Jumamosi inageuka mara moja kwa mwezi, alafu sikukuu tu.

Angalia muziki. Mwaka 1999 Napster, programu ya kugawana nyimbo mtandaoni, ilipoanza watu wakawa wanabeba nyimbo bure, mauzo yakaporomoka kwa miaka kama 15, kila mtu akasema biashara ya kurekodi imekwisha, huku kwetu unajaziwa nyimbo mia kwenye memori kadi kwa buku. Ikaja strimingi, mauzo yakapanda tena mpaka yakawa zaidi ya mara mbili ya pale yalipokuwa yameangukia. Aliyeuzika muziki mwaka 2014 aliwahi.

Na sa hivi sinema yenyewe inakula kwenye sahani ya gemu, ile filamu ya katuni ya Mario ya 2023 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na Mario ni wa gemu tangu miaka ya themanini. Kwaiyo mzee wajukuu wako wakikuomba uwapeleke sinema kuna uwezekano mkubwa unaenda kuangalia gemu. Vaa vizuri hivohivo.

Mambo kaka. Mi ni msichana niko chuo hapa Arusha, nasoma kompyuta mwaka wa pili, nataka kuwa mtengenezaji wa gemu. Dada yangu ananiambia huko Ulaya na Marekani watu wanafukuzwa kila siku, nisome mambo ya mtandao wa benki. Nifanyeje?

Poa mdogo wangu. Dada yako anasoma habari, mheshimu. Lakini waliofukuzwa wengi ni wa makampuni makubwa ambako gemu moja inamaliza dola milioni 200 na zaidi kabla haijauza kopi hata moja, ukikosea mara moja jengo zima linafungwa. Wakubwa wanamezana huko juu, Microsoft walimnunua Activision Blizzard, kampuni ya gemu, kwa dola bilioni 68.7 mwaka 2023, na 2025 ikatangazwa mfuko wa uwekezaji wa Saudia na wenzake wanamchukua EA, wale wa gemu ya mpira, kwa bilioni 55. Huko hatufiki leo, na sijui kama tunataka kufika.

Chini kabisa kuna maisha mengine. Stardew Valley, gemu ya kulima na kufuga, ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, miaka zaidi ya minne peke yake, picha yeye, muziki yeye, kuandika programu yeye, ikatoka 2016 na imeuza mamilioni kwa mamilioni. Ila usiniambie "na mimi nitakuwa kama yule", kwa kila mmoja wa hivo kuna maelfu ambao gemu zao zimechezwa na mama yao na rafiki wawili. Karibu na sisi zaidi kuna kampuni ya Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, 2016 walitoa Aurion, gemu yenye hadithi na sura za kiafrika, na walianza katika nchi ambayo umeme unakatika kama wetu tu.

Ninachoona we unacho ni hiki, kompyuta na muda wa jioni. Pakua Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure, haidai kadi, inakubali hata laptop dhaifu. Tengeneza kitu kidogo mpaka kikamilike, narudia, kikamilike, hata kama ni bao la kete au toyo inayokwepa mashimo ya kwa Mrombo, maana wanafunzi wengi nawaona wana ramani ya dunia nzima kwenye daftari na hakuna hata kitufe cha kuanzia kinachofanya kazi. Wape wenzio hosteli wacheze, kaa nyuma yao usiseme neno, angalia wanakwama wapi. Hapo umejifunza kuliko semina.

Na mambo ya benki yasome pia. Shida kubwa ya mtengenezaji wa huku ni kupokea hela kutoka kwa watu wasio na kadi, na kama we utakuwa unajua malipo ya simu yanavyounganishwa na programu, utakuwa na kazi hata gemu yako ikibaki kwa mama yako na rafiki wawili. Mwambie dada hivo, ataacha kelele.

Bro, mi naendesha toyo Kiborloni, Moshi. Kwenye eFootball hapa kijiweni hakuna wa kunifunga. Nasikia kuna mashindano ya mamilioni ya dola. Naingiaje?

Kaka, mamilioni yapo, ila hayatulii. Mashindano makubwa ya Dota 2, gemu ya kompyuta ya kupigana kwa timu, mwaka 2021 zawadi ilikuwa dola milioni 40, zilizochangwa kwa wachezaji wenyewe kununua vitu ndani ya gemu. Walivyobadilisha utaratibu wa kuchangisha, 2023 ikawa kama milioni 3, na 2024 ikashuka tena. Baada ya hapo pesa kubwa ikahamia Riyadh, Saudia wakaimwaga, 2024 walitenga milioni 60 kwa gemu mbalimbali. Siku mfadhili akichoka sijui.

We tatizo lako la kwanza siyo kipaji, ni neti. Ukicheza na mtu aliye bara jingine, mpira unaupiga sasa unatoka baadae, umeshafungwa kabla hujaona. Anza na watu wa Moshi na Arusha mliopo karibu, jiandikishe mechi za mtandaoni za gemu yenyewe uone unashika namba ngapi nje ya kijiwe, maana kijiweni hata mimi niliwahi kuwa bingwa. Kama kweli unakaza, andaa ya kwenu, kiingilio buku mbili, timu kumi na sita, mwenye banda akupe tivii na wewe umpe watu. Ila fainali usiipange siku ya Simba na Yanga, hata hao wachezaji wako wawili wa fainali hawatakuja.